Mafuta ya meli katika Ziwa Tanganyika: tangi likae wapi?

Jioni moja nilisimama gatini hapa Kigoma nikitazama meli ikijazwa dizeli kutoka kwenye lori. Mpira ulikuwa umepitishwa juu ya sitaha hadi kwenye mdomo wa tangi, na kijana mmoja amewekwa kando ya bomba la hewa asikilize. Tangi likiwa tupu, hewa hutoka kwa mvumo mzito. Likikaribia kujaa, mvumo huwa mwembamba kama filimbi, na hapo msikilizaji hupaza sauti, "Funga!" Siku ile kijana aliitwa akashike kamba. Alipogeuka, dizeli ilikuwa inabubujika bombani, inateremka sitahani na kuingia ziwani kupitia matundu ya kutolea maji. Baharia mwenzake akaja mbio na ndoo ya sabuni ya unga, akaimwaga juu ya ule utando wa rangirangi. Baada ya dakika chache maji yakaonekana masafi, watu wakarudi kazini.

Sabuni haikuondoa chochote. Iliyavunja mafuta yakawa matone madogo, yakashuka kwenye maji yaleyale ambayo watu wa mwambao huu wanachota, wanaogea na kuvua.

Nimeanzia hapo kwa sababu meli za ziwa letu zinakarabatiwa na mpya zinapangwa, na katika mazungumzo yote kuhusu tani za mizigo na idadi ya abiria, sisikii sana swali hili: mafuta ya meli yenyewe, yale ya kuendeshea injini, yatakaa sehemu gani ya meli? Wapo mafundi wanaotetea utaratibu wa zamani wa kuyaweka chini kabisa, tangi likitumia bati la nje la meli kama ukuta wake. Wapo wanaotaka tangi litenganishwe na bati hilo kwa nafasi tupu, yaani kuta mbili.

Hoja ya kwanza ina uzito, tena uzito wa kweli. Mafuta ni mzigo, na mzigo ukikaa karibu na mkuku, yaani uti wa chini kabisa wa meli, meli inatulia. Kusi ikivuma miezi ya kiangazi, Tanganyika huwa na mawimbi ya bahari, na sitaha za meli zetu hujaa magunia ya dagaa, mikungu ya ndizi na watu. Ukiinua tangi, umeinua uzito, na meli iliyobeba juu huyumba vibaya. Isitoshe, kila nafasi tupu unayoiacha kati ya tangi na bati ni nafasi ambayo gunia halitakaa. Mwenye meli anaihesabu kama hasara ya kila safari, kwa miaka 30 au zaidi.

Kuna hoja nyingine ya upande huo ambayo wapinzani wake huipita haraka. Mfano unaotajwa sana ni wa meli Wakashio, iliyopanda mwamba Mauritius Julai 2020 na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta. Haikuwa meli ya kubeba mafuta. Yaliyomwagika yalikuwa mafuta yake yenyewe. Lakini yalikuwa mafuta mazito, meusi, yanayonata kwenye mikoko kama lami. Meli zetu zinatumia dizeli, ambayo ni nyepesi na sehemu yake huvukizwa na jua. Tena wingi wake ni mdogo. Kanuni ya kimataifa inayodai tangi la mafuta ya injini lilindwe inazihusu meli zilizokabidhiwa kwa wenyewe kuanzia Agosti 2010 zenye uwezo wa kubeba lita 600,000 za mafuta au zaidi, na iliandikwa kwa ajili ya bahari. Meli nyingi za Tanganyika hazikaribii kiwango hicho. Kwa nini basi, wanauliza, tubebeshwe gharama ya meli za baharini?

Jibu langu ni kwamba ziwa hili haliwezi kufanya kile ambacho bahari inakifanya. Lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi yanayoliacha huondoka kwa kuvukizwa. Jua linachukua maji, uchafu unabaki. Na wepesi wa dizeli usitudanganye: sehemu zake zinazoyeyuka majini ndizo zenye sumu kali kwa mayai na vifaranga vya samaki. Samaki wa miambani wa Tanganyika wengine wanaishi kwenye kipande kimoja tu cha mwambao. Lita chache kwenye ghuba ndogo ni msiba kwao, hata kama katikati ya ziwa hazitaonekana.

Halafu tazama meli zetu zinavyofanya kazi. MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani 1913 na kuletwa hapa vipandevipande, ilizoea kusimama mbele ya vijiji visivyo na gati huku mitumbwi ikiizunguka kuchukua abiria. Meli ya namna hiyo inasogea karibu na nchi kavu na miamba mara nyingi kuliko ile inayokwenda bandari hadi bandari. Bati la chini likipasuka, na bati hilo ndilo ukuta wa tangi, hakuna cha kuyazuia mafuta.

Kuhusu uthabiti, suluhisho lipo. Tangi si lazima lipande juu. Linaweza kubaki chini, likainuliwa kidogo tu kutoka kwenye bati. Tena kinachohatarisha meli si tangi kukaa juu tu, bali pia mafuta yanayochezacheza ndani ya tangi lililojaa nusu. Meli ikilala kulia, mafuta nayo yanakimbilia kulia na kuilaza zaidi. Ndiyo maana fundi mzuri hutumia tangi moja mpaka liishe kabla ya kugusa jingine, na anachunga vali inayounganisha tangi la kulia na la kushoto. Vali hiyo ikisahauliwa wazi usiku, mafuta yenyewe yanahamia upande ulioinama, na asubuhi meli imelalia ubavu.

Hata joto lina lake. Dizeli iliyoshinda juani kwenye behewa au lori ikishushwa kwenye tangi lililopakana na maji ya ziwa, inapoa na kusinyaa: lita 20,000 zikipoa kwa nyuzi 10 zinapungua kama lita 160. Watu wameitana wezi kwa sababu ya lita hizo. Na dizeli baridi ikiingia tangi la matumizi ya siku, lile dogo linalolisha injini, kwenye joto la chumba cha injini, inavimba. Ukilijaza hadi ukingoni, litamwaga lenyewe.

Kwa hiyo nakubali kwamba kuta mbili pekee zisingeizuia dizeli ile ya gatini. Kilichohitajika kuizuia ni vizibo kwenye matundu ya sitaha, sinia la chuma chini ya bomba la hewa, na mtu asiyeondolewa kwenye nafasi yake mpaka pampu izimwe. Hayo yanawezekana kwenye meli kuukuu wiki hii, kwa bei ya vipande vichache vya mbao na bati. Mwenye meli anayesema hana fedha za kuta mbili namwelewa. Anayesema hana fedha za vizibo simwelewi.

Ila meli mpya ni jambo jingine. Nchi nne za ziwa hili zilisaini mkataba wa kulitunza mwaka 2003, Dar es Salaam, na kanuni ya tahadhari imo ndani yake: usingoje madhara yathibitike ndipo uchukue hatua. Kwa meli mpya, hata iwe ndogo kuliko kipimo cha bahari, tangi lisipakane na bati la nje, na gharama ya nafasi iliyopotea iingizwe kwenye nauli na ushuru wa mizigo tangu mwanzo. Muda wa kudai hayo ni kabla ya mchoro wa meli kupitishwa, maana bati likishakatwa na kuungwa, kutia ukuta wa pili ni kuifumua meli upya.