Semenya anaingiaje hapa?
Habari yenu kuhusu wanamichezo waliobadili jinsia inasema Shirikisho la Riadha Duniani tangu 2023 limewazuia wanawake waliobadili jinsia baada ya kupitia balehe ya kiume kushindana na wanawake. Hapo sina ugomvi sana, urefu na mifupa havirudi nyuma kwa vidonge. Ila mbona picha mliyoweka ni ya Caster Semenya, yule mwanariadha wa Afrika Kusini? Yule amezaliwa na kulelewa msichana, hajabadili chochote. Kesi yake ni ya homoni alizozaliwa nazo. Na hilo "kundi la wazi" mnalolisifia, yaani la kushindana watu wa jinsia yoyote, waogeleaji walilijaribu Berlin 2023, hakujiandikisha hata mmoja. Nani ataenda kujianika peke yake mbele ya kamera? Halafu watoto wa shule wanaocheza kujifurahisha tu, sheria za medali zinawahusu nini?