Likizo ya Oktoba, mfuko unalia
Hivi wenzangu mnaoishi Uingereza, hii wiki moja ya Oktoba mnaipangaje jamani? Kajumba ka kukodi kule pwani ya Cornwall bei ya kibinadamu kabisa, shule zikifunga tu inapaa utadhani nanunua bahari yenyewe! Umtoe mtoto shule mapema? Faini pauni 80 kila mzazi kila mtoto, na hapo ukiwahi kulipa, sisi tunao watatu, piga hesabu. Haya umefika, mvua inakuja kwa ubavu, vinjia vyembamba ukikutana na trekta unapiga rivasi mpaka shingo inakakamaa huku mama watoto kanuna, paking ya ufukweni inataka apu na mtandao hakuna. Afu saa za nchi nzima zinarudishwa nyuma kwa saa moja, kumi na moja jioni jua linazama, mara giza totoro. Bahari tuitazame na tochi?? Mdogo wangu Tanga ananiandikia "kaka unakula bata tu huko". Bata gani!