Kreni isiyo na dereva hupunguza mishahara, lakini haimalizi meli haraka

Mwaka 1993 kitengo cha makontena cha ECT Delta, Rotterdam, kilianza kusogeza mizigo kwa magari yasiyo na dereva. Zaidi ya miaka 30 baadaye, wenye bandari bado wanabishana kama mitambo hiyo inawashinda watu kwa kasi.

Takwimu zinazonukuliwa sana ni za McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, za mwaka 2018. Watu wa tasnia walitarajia gharama za uendeshaji zishuke kwa asilimia 25 hadi 55 na tija ipande kwa asilimia 10 hadi 35. Gharama zilishuka kweli, asilimia 15 hadi 35. Tija nayo ikashuka, asilimia 7 hadi 15. Kwa hesabu ya McKinsey, bandari mpya ya kiotomatiki hurudisha mtaji wake ikiwa gharama za uendeshaji zitakuwa chini kwa robo kuliko za bandari ya kawaida. Au tija ipande asilimia 30 huku gharama zikishuka asilimia 10. Wengi hawafiki hapo.

Chanzo kikubwa cha tija kushuka ni mambo madogo yasiyo ya kawaida. Kontena limepinda kona, upepo unalitikisa, kifungo cha chuma kinacholishika kontena kwenye kona kimegoma kuachia. Dereva mzoefu huliona tatizo na kulimaliza kwa sekunde chache. Mtambo husimama na kumwita mtu aliye kwenye chumba cha udhibiti, ambaye anasimamia kreni kadhaa kwa wakati mmoja. Kreni tatu zikimwita kwa pamoja, mbili zinasubiri. Na vile vifungo vya kona bado hufungwa na kufunguliwa na makuli kwa mikono katika bandari nyingi, hata zile zinazojiita za kiotomatiki.

Kuna pia tatizo la kusubiriana. Gari lisilo na dereva la aina ya zamani haliwezi kujinyanyulia kontena. Ni lazima lifike chini ya kreni ya gatini kwa wakati, kisha lingoje kreni ya yadi, eneo la kupanga makontena, ilipokonye mzigo. Likichelewa dakika mbili, kreni ya gatini inaning'inia na kontena hewani na meli inahesabu saa. Ndiyo maana yakaja magari yanayoweza kuuweka mzigo juu ya fremu na kuondoka. Brisbane, Australia, ilikwenda njia nyingine mwaka 2005: mashine za miguu mirefu zinazotanda juu ya kontena na kuliokota chini, hivyo kreni huliweka sakafuni na kuendelea na kazi.

Yadi yenyewe ina mtego wake. Kwenye vitalu vingi vya kiotomatiki, yaani mafungu ya makontena yaliyopangwa yadini, kreni mbili hutembea juu ya reli moja, moja upande wa bahari na nyingine upande wa malori, na haziwezi kupitana. Meli mbili zikifunga gati pamoja, msimamizi hana kreni ya tatu ya kuongeza kwenye kitalu hicho. Kreni za magurudumu ya mpira huhamishwa kutoka kitalu kimoja hadi kingine, japo kwa taabu.

Hata hivyo, yadi hiyo hiyo ndiyo inayoutetea mfumo. Usiku, wakati malori hayapo, kreni hupanga upya makontena ili la kesho asubuhi liwe juu ya rundo. Hakuna mtu wa kugongwa katikati ya vitalu, na kazi ya saa 9 usiku haitofautiani na ya saa 4 asubuhi. Bandari ya Qingdao, China, iliyofungua kitengo chake cha kiotomatiki mwaka 2017, imetangaza rekodi za zaidi ya makontena 40 kwa saa kwa kreni moja. Rekodi si wastani, lakini inaonyesha kuwa polepole haikuandikwa kwenye chuma. Tofauti ni kwamba Qingdao ilijengwa hivyo tangu msingi.

Auckland, New Zealand, ilijaribu otomatiki ndani ya bandari inayofanya kazi. Mradi ulianza mwaka 2016. Sehemu ya yadi ikatengwa kwa majaribio, nafasi ikapungua wakati msongamano wa kipindi cha Uviko-19 ukiwa juu. Juni 2022 bandari iliuacha mradi na kufuta dola milioni 65 za New Zealand kwenye vitabu vyake.

Kwa Dar es Salaam na Mombasa hesabu ni ngumu zaidi. Faida kubwa ya otomatiki ni kupunguza mishahara, na kwetu mshahara wa dereva wa kreni ni mdogo ukilinganisha na Rotterdam, ilhali mtambo, vipuri na mafundi wa programu hulipwa kwa fedha za kigeni. Ningeanza getini: kamera zinazosoma namba za makontena na malori, pamoja na miadi ya malori. Gharama yake ni ndogo na haigusi kreni hata moja.

Kabla ya kuagiza chochote gatini, karani aandike kwa mwezi mzima kila kreni iliposimama na kwa nini: inasubiri trela, inasubiri hati, imeharibika, au dereva anabadilishana zamu. Kama trela ndiyo inayoongoza orodha, kumtoa dereva juu ya kreni hakutaileta trela.