Wajerumani wananilipa senti 25 kwa kitu tulichokua tunafanya dukani kwa Mangi

Wiki ya kwanza nafika Köln, Ujerumani, mwaka 2021, nimekunywa maji nikamaliza, chupa nikatupa kwenye pipa la jikoni kama mtu mstaarabu. Akaingia dada mmoja tunaeishi nae nyumba moja, akachungulia pipa, akaingiza mkono, akaitoa ile chupa akaniwekea mezani wala hajaniambia kitu. Mi nikajua nimechanganya taka maana huku kuna pipa la karatasi, pipa la maganda na makombo, pipa la vifungashio, unasimama na boksi la maziwa mkononi unawaza utafikiri uko kwenye mtihani wa taifa. Kumbe wala, nilikua nimetupa hela.

Wenyewe wanaita Pfand. Ukinunua soda au maji ya chupa ya plastiki ya kutumia mara moja unalipia kinywaji na juu yake senti 25, alafu ukirudisha chupa tupu supamaketi kuna mashine iko ukutani, unaiingiza, inazungushwa inasomwa, ukimaliza zote unapewa risiti unaenda nayo kaunta unarudishiwa chako. Kopo nalo senti 25, chupa ya bia ya kioo senti 8. Kwa hizi chupa na makopo ya kutumia mara moja utaratibu ulianza 2003. Ndo maana ukitembea pembeni ya mto Rhine chupa za plastiki huzioni zimezagaa, na naomba tuelewane hapa, sio kwamba hawa watu wamezaliwa wasafi kutuzidi sisi, maana njoo Köln asubuhi baada ya kanivali uone vikombe na vipande vya chupa na vitu vingine siwezi kuvitaja. Ni hela tu. Kitu chenye hela hakilali chini.

Na hata kikilala kuna mtu atakiokota. Hii ndo ilinishtua kuliko baridi. Wazee wa kizungu kabisa, wengine ni wastaafu, anapita kituo cha treni usiku na tochi anamulika mapipa anatafuta chupa. Vijana wakimaliza bia zao hawazitupi ndani, wanazipanga chini pembeni ya pipa ili anaeokota asichafuke mikono. Mi nimekulia Kigogo, Dar es Salaam, waokota makopo nawajua, wengine tulikua tunawakimbiza na mawe tukiwa wadogo (nikikumbuka naona aibu), na kichwani kwangu nilikua najua hiyo ni shida ya kwetu tu. Tofauti ni kwamba wa huku chupa 20 tu ni euro 5, wa kwetu anazunguka na kiroba juani siku nzima anaenda kuuza kwa kilo, na bei anapangiwa na mnunuzi.

Sasa tukumbushane kitu. Soda ya chupa ya kioo kwa Mangi ilikuaje? Anakuuliza, "unanywea hapa au una chupa?" Huna chupa unaacha hela ya chupa, ukirudisha unapewa yako. Mama akipata wageni nilikua natumwa na kikapu cha ukili, ndani chupa tupu nne zinagongana, na ole wako uvunje moja njiani. Kreti moja chupa 24, gari linashusha zilizojaa linapakia tupu, kiwandani zinaoshwa zinajazwa tena, yani soda uliyokunywa leo Mabibo chupa yake inawezekana mwezi uliopita ilikua harusini Mbagala. Hiyo ni Pfand jamani! Hakuna mashine, hakuna semina, hakuna mfadhili, na hakuna mtu alietuambia tunatunza mazingira. Alafu zikaja za plastiki, za teki awei, tukaona ndo maendeleo, huachi hela, hurudishi kitu, ukimaliza unarusha dirishani.

Na zinakoishia tunakujua sote. Mvua ya masika ikianza tu kuna watu mtaani wanatoka na viroba vyao vya taka wanamwaga kwenye mtaro, maji yabebe, yanabeba kweli mpaka Mto Msimbazi, yanafika Jangwani yanakwama, barabara inafungwa, alafu kila mtu anashangaa. Nilikua nawalaumu sana hao majirani. Siku hizi nalaumu kidogo kidogo, maana juzi naongea na mama ananiambia gari la taka lina wiki ya tatu halijapita ila hela ya taka wamekuja kuchukua kama kawaida. Huku nisipotenga taka vizuri nalaumiwa mimi na ni haki, kwa sababu lori siku yake ikifika linapita, hata kuwe na theluji.

Lakini ndugu zangu mlioko nyumbani msije mkadhani nimekuja kuwasifia wazungu. Mifuko ya rambo sisi tulipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, Kenya 2017, Rwanda ndo usiseme, toka 2008. Ujerumani? Januari 2022, na ile myembamba ya kuwekea matunda bado ipo mpaka kesho. (Na sisi tusijitape sana, vile vifungashio laini vya nyanya na vitunguu vimegeuka rambo mpya.) Januari 2023 nilikua naangalia kwenye simu polisi wanawatoa vijana wa rika langu kwenye kijiji kinaitwa Lützerath, sio mbali na hapa ninapoishi. Kijiji kinabomolewa ili wachimbe makaa ya mawe, yale ya kahawia machafu kabisa. Wiki hiyo hiyo mfanyakazi mwenzangu ananiuliza kwa upole kwanini kwetu tunakata miti kupika na mkaa. Nilitamani kucheka. Mjerumani mmoja kwa mwaka anatoa kama tani 7 au 8 za hewa ya ukaa, Mtanzania hata nusu tani hafiki. Mkaa unamaliza misitu, ni kweli na sitetei, ila anieleze kwanza lile shimo lao la makaa ya mawe.

Kwahiyo mimi nasema hivi, tuache kusubiri watu "waelimike". Kila nikirudi likizo nakuta bango jipya la tunza mazingira na chini yake rundo la chupa. Wekeni hela ya chupa kwenye plastiki, hata shilingi 100 tu, mtengenezaji alazimike kuzipokea zikirudi, Mangi apate chochote kwa kazi ya kuzipokea, muone kama Msimbazi itakua na chupa hata moja. Watoto watazimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Na yule wa kiroba atakua na bei inayojulikana, sio ya huruma ya mnunuzi.

Nilimwambia mjomba, mwenye duka Mabibo, akacheka. "We nawe, hizo mashine zenu nani ataleta huku?" Nikamwambia mjomba, mashine ya nini, we si ulikua unapokea chupa miaka yote kwa mikono yako na daftari? Akakaa kimya kidogo alafu akasema kreti za zamani bado anazo, akanitumia na picha. Ziko nne, kazigeuza juu chini mbele ya duka, wateja wamezikalia wanacheza drafti, kila mmoja na chupa yake ya plastiki mkononi.