Majitaka ya Moshi nayo yasikilizwe

Agosti 2022 niliitwa nimpeleke binti yangu akachanjwe polio tena, ingawa alishamaliza chanjo zake zote. Hapa London waliitwa watoto wote wa mwaka 1 hadi 9. Hakukuwa na hata mmoja aliyepooza. Virusi vilikutwa kwenye majitaka ya mtambo wa Beckton, unaopokea uchafu wa watu wapatao milioni 4.

Nikampigia mama, Moshi. "Mavi nayo yanapimwa?" akauliza. Kisha akanyamaza, nikajua anamwaza kaka yake. Mjomba ana mguu mmoja mwembamba kama mkono wangu, na kiatu chake cha kushoto huisha upande. Alikuwa na miaka mitatu. Homa siku mbili, asubuhi ya tatu akashindwa kusimama. Hivyo ndivyo mtaa ulivyojua kuwa polio imefika.

Katika kila watu 200 wanaoambukizwa, takriban mmoja ndiye hupooza. Wengi wa waliobaki hawaumwi chochote, lakini choo chao kinatoa virusi kwa wiki kadhaa. Ukimngoja mgonjwa, umeshachelewa. Majitaka hayangoji, na uzuri wake hayana jina la mtu: hakuna familia itakayonyooshewa kidole.

Mwaka huohuo, baada ya polio kuonekana Malawi, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba Tanzania. Walipofika kwetu Pasua, mama aliuliza kwa nini watoto wachanjwe tena. Akajibiwa ni agizo. Jirani yetu akawaficha wajukuu chumbani, na mimi simlaumu. Mimi nilielezwa virusi vimekutwa wapi na kwa nini mwanangu anaitwa, ndiyo maana nilikwenda siku ileile. Mama na jirani yake walistahili maelezo hayohayo.

Wapo wanaosema kupima majitaka ni mambo ya nchi zenye mabomba. Sikubali. Karachi, Pakistan, wamekuwa wakichota sampuli hata kwenye mifereji ya wazi kwa miaka. Tanzania yenyewe imeshapima majitaka kusaka polio. Nataka kazi hiyo izoeleke mitaani kwetu, iguse na kipindupindu, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili cha kawaida.

Nyumbani tuna choo cha shimo. Likijaa tunaita gari la majitaka. Gari moja linabeba habari za nyumba nyingi. Chota chupa moja pale linapomwaga, na nyingine Mabogini yanakoishia mabomba ya mji, kabla maji hayajafika kwenye mashamba ya mpunga.

Lakini yule kijana anayeshika mpira wa kunyonyea majitaka kwa mikono mitupu, kandambili miguuni, apewe glavu na buti kwanza. Chupa itafuata.