Eti Lori la Zamani Lazima Livuje

"Lori la zamani ukiona halivuji, ujue oili imeisha." Utani huu umezunguka kwenye magereji hadi umekuwa sheria. Dereva anacheka, tandiboi anacheka, na fundi anacheka kuliko wote kwa sababu ndiyo kauli inayomponya. Juzi nimeusikia tena na safari hii sikucheka. Aliyeutoa alikuwa ametoka tu uvunguni mwa lori la mjomba wangu, tochi mkononi, hukumu tayari mdomoni: sili ya nyuma ya krenki, ile pete inayozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea nyuma, imekufa, gia boksi ishushwe.

Injini yenyewe ilikuwa imevaa koti la oili na vumbi kuanzia kava la tapeti, kifuniko cha juu, hadi kwenye sampu, bakuli la oili la chini. Huoni bolti, huoni hata rangi ya chuma. Yeye akaiona sili iliyojificha nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krenki! Macho kama hayo yanapotea bure gereji. Hospitali zinahangaika kununua mashine za eksrei za nini?

Oili huvujia kwingine, hudondokea kwingine. Hilo fundi yeyote analijua, na ndiyo maana nakasirika. Inateremka kwa uzito wake, na lori likiwa mwendoni upepo wa feni na wa barabarani unaisukuma kurudi nyuma. Ikichomoka kwenye kona ya kava la tapeti, inateleza ubavuni mwa bloku, inashika ukingo wa sampu, inautambaa hadi pale injini inapoungana na gia boksi. Hapo inakusanyika, inanenepa, inadondoka. Na hapo hapo ndipo ingedondokea oili ya sili ya nyuma. Kwa hiyo tone linaloning'inia chini ya hauzingi ya klachi, yaani kasha lake, limethibitisha jambo moja tu, kwamba vitu huanguka kwenda chini.

Basi kwa nini hukumu huwa ni ile ile kila mara? Sisemi mafundi wote ni wezi. Wengine ni wavivu tu. Kuosha injini ni kazi chafu isiyo na heshima wala malipo ya maana, wakati kushusha gia boksi kunaonekana kazi ya kiume na bili yake ina uzito. Mwenye lori naye hasaidii. Anataka jibu papo hapo, na akiambiwa "tuoshe kwanza, tuwashe, tuangalie kesho", anaona anazungushwa. Akitajiwa kifaa chenye jina zito, anaamini.

Tuliiosha. Injini ikiwa imepoa, maana kumwagia maji ya baridi chuma cha moto ni kutafuta ufa. Altaneta, mdomo wa kuvutia hewa na soketi za umeme vikafungwa nailoni. Tope likalainishwa kwa dawa ya kuyeyusha grisi, likasuguliwa kwa brashi, likasuuzwa taratibu bila zile mashine za maji ya nguvu zinazosukuma uchafu ndani ya sili nzima na kuzifanya mbovu kweli. Ikakauka. Ikawashwa hadi ikapata moto sawasawa, kwa sababu oili baridi ni nzito, inaweza kujikausha kana kwamba hakuna tatizo. Halafu tukaangalia kuanzia juu kushuka chini. Kuanzia juu, narudia, kwa sababu mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo pa kushughulikia kwanza. Ya chini yake yote ni matokeo mpaka ithibitike vingine.

Kwenye kona ya nyuma ya kava la tapeti, upande ule usioonekana mpaka uingize kioo, palikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, unashuka. Kava lilipofunguliwa, gasketi ya mpira ilikatika vipande vidogo vidogo kama ganda la mti mkavu. Ilikuwa ngumu, nyeusi, imebeba umbo la mfereji wake na imekataa kuliacha. Joto la miaka mingi limeipika. Chini ya sili ya nyuma, ile iliyotangaziwa msiba, palikuwa pakavu.

Kama macho hayatoshi, puliza unga mweupe kwenye sehemu zilizokaushwa, washa, subiri. Oili itajiandikia njia yake yenyewe. Au tia ile rangi ya kuchanganywa na oili inayowaka chini ya tochi ya UV, miale ya urujuanimno. Hakuna uchawi hapo, wala hakuna bolti ya gia boksi iliyoguswa.

Na kabla hata ya hayo, hakikisha kinachovuja ni oili ya injini. Ya gia boksi na ya difu, gia za ekseli, mara nyingi ina harufu kali ya salfa, ukiinusa mara moja hutaisahau.

Lori lina wahalifu wadogo wengi wa huko juu ambao hakuna anayewashuku. Swichi ya presha ya oili, kwa mfano, huvuja katikati, pale waya unapochomekwa. Ukipapasa pembeni tu utasema iko salama. Filta nayo: ile ya zamani inatolewa, gasketi yake inabaki imeng'ang'ania kwenye kitako, mpya inafungwa juu yake. Gasketi mbili, na presha inazisukumia nje. Kuna bomba la kurudishia oili ya turbo, kuna kula ya oili, kile kipozeo chake, kuna kompresa ya upepo wa breki ambayo nayo hulainishwa kwa oili ya injini. Bolti ya kumwagia oili chini ya sampu sihitaji kuieleza. Badilisha washa yake, ile pete ya kuzibia, basi.

Sasa briza, pumzi ya injini. Hapa ndipo hata mafundi wazuri hunyamaza, na ni hapa lori la zamani linapoteseka bure. Katika injini yoyote, hata iliyotoka kiwandani jana, kuna gesi za mwako zinazopenya pembeni mwa ringi za pistoni na kuingia kwenye sampu. Zinatakiwa zitoke kupitia briza. Briza ikiziba kwa masizi na oili iliyoganda, au bomba lake likiminywa na mtu aliyekuwa anahamisha waya, gesi hazina pa kwenda. Presha inajengeka ndani na kutafuta penye udhaifu. Unabadilisha gasketi ya kava, inaanza sili ya mbele. Unabadilisha sili ya mbele, sampu inalia. Mwenye lori anaambiwa "ndiyo uzee", anatoa pesa tena.

Kipimo chake ni cha bure. Injini ikiwa moto na inanguruma bila kukanyagwa, fungua kifuniko cha kujazia oili, kisha kilaze juu ya mdomo bila kukifunga. Uwe na kitambaa, baadhi ya injini hurusha oili. Moshi kidogo na mtikisiko ni kawaida. Kikirushwa pembeni, ama briza imeziba ama ringi na silinda zimechoka. Safisha briza na bomba lake lote, pima tena. Kama bado kinarushwa, tatizo mara nyingi ni ringi, na hakuna gasketi duniani itakayokuokoa.

Silikoni! Kuna watu wanaipaka ukingoni, kwa nje, juu ya oili inayovuja, kisha wanakukabidhi funguo. Funika kombe mwanaharamu apite. Silikoni haishiki kwenye oili, na ikikandamizwa kwa wingi, ile iliyobanwa kwa nje ndiyo unayoiona, ila kiasi kama hicho kimebanwa kwa ndani. Hicho cha ndani kinakatika siku moja, kinaelea hadi kwenye chujio la pampu, na sasa umetoka kwenye tone la barabarani umeingia kwenye beringi zisizopata oili. Ina mahali pake, sikatai. Kwenye maungio ya pembe na kwenye sampu zilizotengenezwa bila gasketi, inapakwa mstari mwembamba juu ya chuma kisicho na hata alama ya mafuta, na nyingi huhitaji karibu saa 24 kukauka kabisa. Saa 24, si muda wa kunywa soda.

Na spana msiigeuze silaha. Bolti za kava la tapeti kwenye injini nyingi zinataka takriban Nm 10, kipimo cha nguvu ya kukaza, kitabu cha injini kitakupa hesabu kamili. Unakaza kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukikaza kwa hasira gasketi inajichomoa na bati la sampu linabonyea kwenye kila tundu, halafu hata gasketi mpya haikai.

Dawa za chupa za kuzuia kuvuja? Haya, hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, na kwa sili inayotoa jasho jasho zinaweza kukununulia muda. Gasketi iliyokatika haziijui.

Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba jasho si mvujo. Injini za zamani kabisa, hasa zenye sili za kamba badala ya mpira, hulowa kidogo na zinafanya kazi miaka. Unyevu usiofika kwenye klachi wala kwenye ekzosi ya moto unaweza kuuacha, ukikagua dipstiki. Ila tone ni tone. Tuchukulie matone 20 ni mililita 1. Tone moja kila sekunde ni karibu mililita 180 kwa saa, na safari ya saa 10 inamaliza lita 1.8. Na lori likiwa limeegeshwa usilitumie kupimia, kwa sababu presha ya pampu haipo. Oili ikifika kwenye klachi, klachi itateleza mlimani ukiwa na mzigo. Ikifika kwenye turbo iliyopata moto, utatafuta kizima moto.

Kuna siku, baada ya kuosha na kukagua na kusafisha briza, juu kote patakuwa pakavu na oili itakuwa inatoka nyuma ya flaiwili kweli. Siku hiyo shusheni gia boksi, sina ugomvi. Ila usikubali sili mpya ichomekwe tu. Pitisha ukucha kwenye krenki pale mdomo wa sili unapogusa. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja kama ile ya zamani mpaka krenki ivalishwe hapo mkono mwembamba wa chuma, au sili ikae kina tofauti kidogo iguse pasipolika. Na fundi akikwambia "hiyo klachi tuiache, bado nzima", muulize nani atalipia kushusha gia boksi mara ya pili.