Hapana, Zimamoto Hawakuitwa

Naanza na hilo kwa sababu tangu Jumamosi simu yangu haijapoa. Rafiki yangu Ba'Tumaini, ambaye naye alikuwepo, ameshaitangazia Mbeya nzima, kuanzia Kabwe mpaka Uyole, kwamba nilinasa kwenye kiti cha chekechea siku ya wazazi, zimamoto wakaitwa, kiti kikakatwa kwa msumeno na mimi nikalia. Msumeno haukuwepo. Zimamoto hawakuitwa. Machozi yalikuwa ya baridi, Mbeya mwezi wa saba mnaijua wenyewe. Na ninyi mnaonitumia ile video mkiuliza "mwaisa, huyu si wewe?", ndiyo, ni mimi, nani mwingine ana kipara kile? Sasa nisikilizeni mimi niliyekuwa ndani ya kiti, siyo yule aliyekuwa nyuma na simu.

Msimamo wangu kuhusu chekechea za kishua mnaujua, tumeshabishana sana. Serikali ilifuta ada tangu Januari 2016, kuanzia darasa la awali mpaka kidato cha nne. Unachotoa ni mchango wa uji na visenti vya mlinzi, na bado tunanung'unika. Tena sera inamdai mtoto mwaka mmoja tu wa awali kabla ya darasa la kwanza. Wenzetu wa kishua wameuchukua huo mwaka mmoja ukawazalia: bebi klasi, mido klasi, pri-yuniti. Mitatu. Nikapiga hesabu dukani, nyuma ya kitabu cha risiti. Ada 2,400,000. Basi 600,000. Chakula 450,000. Jumla 3,450,000 kwa mwaka, bila sare, bila traksuti, bila ile "safari ya mafunzo" ya kwenda kumwangalia ng'ombe, wakati ng'ombe wa jirani yetu anapita dirishani kila asubuhi bure. Zidisha mara tatu: 10,350,000, na mtoto hajaligusa darasa la kwanza. Mimi nauza vipuri vya pikipiki. Najua milioni kumi ni plagi ngapi.

Nikamsomea Mama Ipyana hesabu yote, kwa madaha ya mtu aliyeshinda kesi. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba Ipyana, mimi ndiye ninayefundisha huko unakotaka kumpeleka."

Kesi ikafungwa. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la kwanza, kayumba, yaani shule ya serikali. Mwongozo unataka darasa la awali liwe na watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Nikamuuliza mwenzake wa awali anao wangapi. Namba hakutaja, alicheka tu, kile kicheko cha mwalimu anayesubiri mshahara. Lakini tusimnyime haki: yeye huyohuyo ndiye aliyewahi kunisimulia kuhusu mwalimu anayefundisha hesabu kwa vizibo vya soda, na watoto wa mwalimu huyo wakifika kwake wanajumlisha kuliko baadhi ya walioshushwa na mabasi ya njano. Kwa hiyo hata yeye alikuwa njia panda. Tukakubaliana twende tukajionee kwa macho. Siku ya wazazi, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Shule siitaji, iko huko kwa wenye michongoma inayopunguzwa kwa mkasi.

Hapa nawapa taarifa moja, iwekeni pembeni, tutaihitaji. Asubuhi ile mlima Loleza hauonekani kwa wingu, baridi inakata masikio, na sweta langu lilikuwa bado bichi kwenye kamba. Nikachukua la Mama Ipyana. Ni la waridi, na vifungo vyake vina umbo la vipepeo. Juu yake nikapiga lile koti langu zito la mtumba kutoka soko la SIDO, nikafunga zipu mpaka kidevuni. Nani angejua? Mama Ipyana mwenyewe aligundua tukiwa tumeshafika Mafiati.

Nilimwomba dereva wa bajaji atushushe mbali kidogo na geti, maana niliona Harrier na Prado zimejipanga. Akasema, "Hapana baba, mna mtoto, na baridi hii?" Akatuingiza mpaka mlangoni. Na honi akapiga.

Ndani, haki ya Mungu, pazuri. Bomba la kunawia liko usawa wa goti langu. Vyoo ni vidogo, vyeupe, vimepangwa mstari. Ipyana alikalia kimoja akakataa kutoka. Kila mtoto ana ndoano yake ya begi yenye picha yake. Darasani watoto 18 na walimu wawili. Niliwahesabu mwenyewe nikitafuta kasoro, nikaikosa. Halafu kuna jiko la kuchezea, lenye sufuria za plastiki. Nikamwambia Ba'Tumaini, kumbe milioni tatu na ushee mtoto anakuja kusonga ugali wa uongo, na nyumbani unga upo. Mama Ipyana akanikanyaga. "Mtoto wa umri huu anajifunza kwa kucheza," akasema, "hata mtaala unasema hivyo."

Hapo ndipo nilipokuwa nampeleka. Mtaala! Mtaala ni wa Taasisi ya Elimu, ule mpya ulioanza kutumika Januari 2024, na shule ya awali ni ya awali, iwe ya vumbi au ya vigae. Swali langu likakamilika kichwani. Swali zuri, jamani. Mpaka leo nalionea huruma.

Tukaingizwa ukumbini. Viti vya wakubwa hakuna. Vilivyopo ni vya watoto, vya plastiki, rangi rangi, vyenye mikono pembeni. Mkuu wa shule, tumwite Madam, akatabasamu akasema, "Leo tunaomba wazazi mkae anapokaa mtoto, muione dunia anavyoiona yeye." Wale wa Prado wakacheka kiungwana wakakaa, wembamba wote, matajiri wa siku hizi hawali. Mimi kikanifikia cha kijani. Nikaingiza upande mmoja, nikaingiza wa pili, koti likajikunja kwa ndani, nikasikia kitu kimesema "kwii". Nikajua nimekaa. Kumbe nimevaa.

Madam akaeleza mambo yao kwa Kiingereza, akatutafsiria kidogo sisi wa bajaji, kisha akauliza nani ana swali. Kimya. Watu wa ada ile hawaulizi bei. Nikanyoosha mkono.

"Karibu baba. Simama tukuone."

Sasa hapa twende polepole, maana Ba'Tumaini anaparukia.

Nikasimama. Kitu cha kwanza nilichohisi ni kukumbatiwa. Kiunoni, kwa nyuma, na mtu ambaye haachii. Nikadhani ni Ipyana ameona aibu ya watu. Nikapeleka mkono nyuma nimpapase kichwa, macho yangu yakiwa kwa Madam, na mkono ukashika mguu wa kiti. Ulikuwa umeelekea dirishani.

Mwenye akili zake angeketi palepale. Mimi nilikuwa na swali. Nikajiambia, hawajaona. (Wewe unayecheka, hujawahi kusimama mbele za watu na jambo lako ukajiambia hawajaona?) Nikaanza: "Asante sana Madam. Mimi ni mzazi mtarajiwa. Naomba kufahamishwa, ikiwa mtaala wa awali ni uleule wa Taasisi ya Elimu, hizi 3,450,000…" Nikageuka niwatazame wazazi wenzangu, maana swali la namna hiyo huliulizi upande mmoja. Nilipogeuka mimi, na kiti kikageuka. Miguu minne ikapita mbele ya uso wa baba mmoja wa suti ya kijivu. Akaikwepa kwa kichwa, kistaarabu kabisa, bila kuacha kunisikiliza. Mungu ambariki yule baba. Ndiye mtu pekee katika ukumbi ule aliyelisikia swali langu.

Kisha ikatoka sauti nyembamba, mstari wa mbele:

"Baba ana mkia!"

Wa kwangu. Mtoto wangu wa kumzaa.

Ukumbi ukapasuka. Nikaamua kuketi, na hilo ndilo lililoharibu kabisa, kwa sababu vigae vilikuwa vimepigwa deki. Miguu ya kiti ikateleza, nikashuka haraka kuliko nilivyopanga, kiti kikagonga sakafu, na ile mikono yake ikanibana kwa ari mpya. Sasa hata kusimama siwezi. Nikageuzwa nikapiga magoti. Mama Ipyana akashika kiti, baba wa suti akanishika mabega, uso wangu ukawa unaangalia viatu vya Madam, vyekundu, vya bei.

"Tuvute pamoja," Madam akasema. "Wan, tuu, thrii!"

Jamani. Watoto wa bebi klasi walikuwa wamepangwa pembeni wakisubiri kutuimbia. Wakasikia kitu wanachokijua. Wakadaka: "Foo! Faivu! Siksi!" Madam anawaashiria wanyamaze, wao wanapanda tu. Kila namba, mvuto mmoja. Kila mvuto, "kwii". Wakapita kumi. Wakapita kumi na tano, hakuna aliyeteleza, kwa lafudhi ambayo mimi sina na baba yangu hakuwa nayo. Nikahisi nyuma hakuna anayevuta. Mama Ipyana ameachia kiti, mikono kifuani, anawasikiliza.

"Baba Ipyana, unawasikia? Mpaka ishirini!"

Mimi niko chini natota jasho na baridi yote ile, yeye anakagua somo. Nimekuwa zana ya kufundishia.

Ndipo akatokea dada wa jikoni, mkononi ana kisu cha tikiti maji. Hicho ndicho msumeno wa Ba'Tumaini. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza taratibu, "Baba, si uvue koti kwanza?"

Ukumbi ukatulia. Wasomi wote wale, walimu, wenye Prado, hakuna aliyeliwaza.

Haya, sasa ichukueni ile taarifa niliyowaambia muiweke pembeni.

Nikasema hapana, nina mafua. Madam akasema ukumbi una joto la kutosha. Nikasema daktari amenikataza. Mama Ipyana akainama mpaka sikioni kwangu, akaninong'oneza neno moja, "Vua," na kwenye lile neno kulikuwa na miaka yetu yote ya ndoa.

Nikashusha zipu. Zipu ndefu ile, sijui waliishona ya nini. Kikatokea kipepeo cha kwanza. Kikatokea cha pili. Nikatoa mkono wa kulia, nikatoa wa kushoto, koti likalegea, na kiti kikaanguka chenyewe, chepesi, hakina hata aibu. Nikabaki nimepiga magoti katikati ya ukumbi, mwanaume mzima, nimevaa waridi la kubana. Na mtoto mmoja wa bebi klasi, kidole juu, kwa sauti ya darasani:

"Batafulai!"

Madam, kwa mazoea tu ya kazi, akamjibu, "Veri gudi!"

Video inakatikia hapo kwa sababu Ba'Tumaini naye alishaanguka kwenye kiti chake.

Yaliyobaki mnayajua au hayana maana. Watoto wakaimba, tukanywa uji, swali halikujibiwa, kiti hakijavunjika, asanteni mnaouliza. Nilipotoka chooni (cha wakubwa) nikakuta Mama Ipyana ameshalipia fomu 30,000, hairudishwi. Dereva wa bajaji alikuwa ametusubiri. Alishasikia.

Kuhusu ada, bado tunavutana. Mama Ipyana anasema Kiingereza si hoja na lile jiko la plastiki si hoja. Hoja ni wale walimu wawili kwa watoto 18, kwamba mtoto akikosea kuna mtu wa kumwona. Hapo sina la kumjibu, nimewahesabu mwenyewe. Lakini nami nasema, kama ni hivyo, tununue mwaka mmoja wa mwisho, pri-yuniti, hiyo miwili ya mwanzo akae Tukuyu kwa bibi yake, akahesabu mikungu ya ndizi na kula anachohesabu. Anasema atafikiria. Bibi naye akapigiwa simu, akasema mjukuu aletwe, ila kwanza atumiwe ile video. Ipyana yeye alishaamua: anataka shule yenye choo kidogo.

Ba'Tumaini, najua unasoma. Futa. Hela yangu ya cheni na sproketi bado unayo, na mimi nakumbuka ya harusi ya shemeji yako.

Na ninyi wengine mnaopita dukani, nawaomba. Tangu nimefungua leo watu wanaulizia siti. Siti za pikipiki nauza, kweli, zipo, za mtu mmoja na za wawili. Lakini mtu anauliza siti halafu anaangalia pembeni, mabega yanatikisika. Wa kwanza aliuliza kama ipo yenye mikono. Nikamtoa. Huyu hapa mwingine kasimama mlangoni na simu yake ameishika juu juu, nimemuuliza unataka siti ya pikipiki gani, anasema pikipiki yoyote, mradi iwe ya kijani.